Malalamiko Juu ya Tabaka la Joto Lililoyeyusha Theluji Yangu

International City, Dubai
Februari 2017

Kwa Bwana Marhun,
Mtabiri wa Hali ya Hewa,
Kundi la WhatsApp la Waswahili wa Dubai

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, nakuandikia kwa heshima zote, na hasira zangu nimezikunja vizuri.

Theluji ilipoanguka mlimani Jebel Jais, kule mbali Ras al-Khaimah, nilimtumia picha mke wangu Mishi, aliyeko Mtwapa. Nikamweleza kwamba imefika mpaka hapa kwetu, ndege hazipai, na kwa hivyo likizo niliyomwahidi haiwezekani. Ukweli ni kwamba arbab wangu, yaani tajiri wangu wa ghalani, amekataa kuniruhusu, nami naona haya kumwambia mke wangu kwamba mtu mzima nimenyimwa ruhusa. Theluji ilikuwa inanisitiri. Ukaja wewe ukaniumbua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulituma sauti ukaeleza kwamba mvua nyingi za baridi huanza kama theluji huko mawinguni, kisha hupita kwenye tabaka la hewa ya joto zikayeyuka. Hapa Dubai, ukasema, joto hilo linashuka mpaka chini, basi hufika maji matupu. Nani alikuuliza? Mishi yumo kundini. Dada yake Ummulkheir, anayefanya kazi hapa hapa Dubai, kliniki ya Oud Metha, ndiye aliyemwingiza.

2. Nikamwambia Mishi si theluji, ni zile chembe za barafu. Kabla hajanijibu, ukatuma sauti nyingine: chembe hizo zinataka tabaka nene la baridi chini ya lile la joto, mvua ipate nafasi ya kuganda tena njiani. Bwana Marhun, mtu anatafuta pa kujificha, wewe unamfuata na taa!

3. Nikahamia kwenye mvua inayoganda ikishagusa ardhi. Ukasema hiyo inataka ardhi yenyewe iwe chini ya nyuzi sifuri, na kuonyesha kwamba ya hapa ni ya moto ukatoa mfano wa AC yako, ambayo hujaizima tangu Ramadhani.

4. Mishi sasa ananidai joto la kila tabaka. Mwanamke niliyemuoa alikuwa akiniuliza nimekula nini.

Binti yangu Muna nilimwacha tumboni. Ananijua kwenye simu tu, na hilo linaniuma kuliko maneno yote ya mama yake.

Kwa hivyo naomba utabiri wako uishie kwenye neno inshallah. Ikishindikana, tabaka la joto liondolewe juu ya Dubai hadi nitakapopata likizo. Wenye nchi hii wamejenga visiwa baharini. Hilo haliwezi kuwashinda.

Nisalimie Bi Joha mkeo, watoto, na wote wa kundini, hata waliocheka.

Ni mimi ndugu yako, kwa masikitiko na koti la theluji,
Mahfudh

Nyongeza: Mishi amepiga simu sasa hivi. Anasema kama theluji inanizuia mimi kutoka, yeye haimzuii kuingia. Ummulkheir amewatolea viza, na wako uwanja wa ndege wa Mombasa, yeye na Muna, mizigo inakaguliwa. Malalamiko yote nayafuta. Tafadhali tangaza upesi kwamba anga ni safi kutoka kwao mpaka huku. Lile tabaka la joto liache hapo hapo, ukiweza, liongeze. Muna amevaa kigauni cha mikono mifupi, kwa sababu mama yake anaamini utabiri wako, si wangu.