Kuhusu Mawe Niliyompa Shemeji Yangu

Thadei Salvator,
Kitongoji cha Bondeni,
Njia ya Mpanda–Inyonga.
12 Agosti 2024

Mwenyekiti,
Baraza la Ardhi la Kata.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BARABARA, MTO NA SHEMEJI YANGU VESTINA

Ndugu Mwenyekiti,

Naomba usome kichwa cha barua hapo juu mara mbili, kwa sababu hakijakosewa. Nawalalamikia wote watatu.

Mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Salvator, aliyefungua mashamba hapa wakati ambapo kutoka Mpanda mpaka kwetu kulikuwa na miti, nyani na watu waliopotea njia. Mzee aliacha vipande viwili vya ardhi. Kimoja kiko bondeni kando ya mto, udongo mweusi. Ukiangusha punje ya mahindi jioni, unaogopa kurudi asubuhi bila panga. Kingine kiko juu, mawe matupu na miti ya miombo. Mzee mwenyewe alikuwa akikiita "Kule," na hakuwahi kukipa jina lingine.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Ladislas, na bondeni tulilima pamoja. Ladislas alipofariki aliacha mjane, huyu Vestina, na mabinti wawili wadogo. Siku ya kumaliza msiba ukoo ulinikabidhi mimi, kama mkubwa, kazi ya kugawa. Niligawa mbele ya watu wote, mchana kweupe. Mimi nikachukua bondeni. Vestina nikampa Kule.

Tangu siku hiyo nimedhulumiwa mfululizo, kama ifuatavyo.

1. Shemeji alishukuru.

Nilitarajia alie, akatae, aite wazee. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Badala yake alipiga goti akasema, "Asante, shemeji. Nitaona pa kuanzia." Ndugu Mwenyekiti, mtu anayepewa mawe hashukuru isipokuwa kuna kitu anakijua. Naliomba Baraza limuulize alijua nini na aliambiwa na nani. Imakulata, mke wangu, anasema shemeji alishukuru kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Hoja hiyo nimeikataa, kwa maana na mimi nimelelewa.

Baada ya hapo akatundika mizinga kwenye ile miombo. Watu walimcheka, na mimi nikiwa mmoja wao, maana nani analima nyuki? Kila msimu aliniletea asali kwenye kidumu. Niliipokea na kuila bila kujua kwamba ni ushahidi.

2. Barabara ilihama bila kuniarifu.

Barabara ya zamani ilipita bondeni, karibu na mlango wangu, ikiwa na kona nzuri iliyowalazimisha madereva kupunguza mwendo na kunisalimu. Tuliposikia lami inakuja, nilijua inakuja kwangu. Wapimaji walipofika niliwapokea. Nilichinja jogoo. Niliwatembeza bonde zima, nikawaonyesha udongo mweusi, nikawaambia kwamba barabara itakayopita hapa haitapata njaa. Mkubwa wao alikula, akanawa, akanishukuru, kisha akasema, "Mzee, lami inataka sehemu ngumu. Hapa kwako itadidimia."

Wakapanda Kule na vigingi vyao.

Naomba ieleweke kwamba jogoo yule aliliwa kwa niaba ya ukoo mzima, lakini faida ilienda upande mmoja. Toka lami ifike, ardhi ya Kule haihesabiwi tena kwa ekari. Watu wanatoka Mpanda mjini na miwani ya jua, wanashuka kwenye bodaboda, wanasimama juu ya mawe wakitikisa vichwa kwa furaha. Hawaulizi panaota nini. Wanauliza panatazama wapi. Nimelima maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniuliza shamba langu linatazama wapi.

3. Mawe mengine ni yangu.

Pembeni mwa shamba langu, upande wa kupanda, palikuwa na mawe. Kila nilipolima niliyaokota na kuyarusha ng'ambo ya mpaka, kwa Vestina, kwa kuwa kwake mawe yalikuwa yamezoea. Siku moja alikuja akaniuliza kwa upole, "Shemeji, mbona mawe yanaongezeka?" Nikamjibu kwamba mawe huota, hasa mvua zikiwa nyingi. Alinitazama, akarudi kwake.

Mkandarasi alipokuja kutafuta kifusi na kokoto, alielekezwa Kule. Alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa dhahabu. Akamlipa Vestina kwa kila lori. Ndugu Mwenyekiti, sehemu ya mawe yale naifahamu kwa sura. Sikumpa kama zawadi. Nilikuwa nimeyaweka pale kwa muda. Sasa yako chini ya lami, na kila basi la Inyonga likipita linakanyaga mali yangu.

4. Mto uko karibu mno.

Kijiji kilipopanga matumizi bora ya ardhi nilihudhuria mkutano. Nilinyoosha mkono pamoja na wenzangu kuunga mkono ulinzi wa vyanzo vya maji, nikidhani yanazungumzwa maji ya watu wengine. Baadaye wakaja na futi ya kamba. Mita sitini kutoka mtoni hakuna kulima, hakuna kuchunga, hakuna kujenga. Walipomaliza kuchomeka bikoni, zile nguzo za mpaka, nilibaki na nyumba, choo na mchicha wa Imakulata.

Kipande kile nilikichagua kwa sababu kiko karibu na mto. Leo naambiwa kosa lake ni kuwa karibu na mto.

Kulikuwa na jirani yangu Manyanda, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, aliyekuwa akikodi majaruba yangu ya mpunga. Alikuja, akatembea kutoka bikoni moja hadi nyingine mikono ikiwa nyuma, akasema, "Mzee, hapa mpunga siwezi kulima, ng'ombe siwezi kuleta. Labda niwe nakuja kuangalia tu." Sikucheka. Wiki iliyofuata alipanda Kule akanunua kiwanja kwa Vestina. Sasa anajenga nyumba ya bati la rangi, na mimi ananipungia mkono kutoka juu.

Naliomba Baraza liamuru mita sitini zipimwe kuelekea ng'ambo, au, hilo likishindikana, mto upewe notisi ya kuhama. Wafugaji hupewa notisi wakahama na ng'ombe na watoto wao. Mto hauna hata mizigo.

5. Tabia ya shemeji baada ya kupata.

Hili ndilo linaloniumiza zaidi. Vestina alipojenga fremu zake za maduka kando ya lami, nilikaa nikimngoja aanze kiburi. Nimengoja sana. Fremu moja alimpa Imakulata auzie nyanya na maandazi, bila kodi. Mabinti zake wananiamkia tangu mbali. Masika yalipoangusha ukuta wa jikoni kwangu, mafundi walifika kabla sijamweleza mtu. Siku ya mavuno kanisani alinishika mkono akanipeleka mbele pamoja naye, akasema, "Huyu ndiye baba mkubwa wa watoto wangu," na watu wakapiga makofi. Nilisimama pale nikiwa sina mahali pa kuweka mikono.

Angenitukana hata mara moja, ningekuwa na kesi. Nimejaribu kumchokoza. Nilisimama mbele ya fremu zake, wateja wakisikia, nikasema kwa sauti kwamba ardhi hii ilitoka mkononi mwangu. Aliniuliza kama nimekula. Nimelichukulia jambo hilo kuwa ni dharau, ingawa ni kweli nilikuwa sijala.

6. Hoja ya kisheria.

Baada ya kutafakari kwa muda mrefu nimegundua kwamba ugawaji ule ulikuwa batili tangu siku ya kwanza, na nitaueleza bila kuficha kitu, ili Baraza lisipate kazi.

Aliyegawa hakuwa mtu wa haki. Alijichukulia udongo wote wenye rutuba, akiwa na mke, nyumba na nguvu zake, akampa mjane wa mdogo wake mawe, huku watoto wakiwa wadogo na kaburi halijakauka. Hakukosea, alijua anachofanya. Wazee nao walijua, lakini walikuwa wakinywa pombe ya msiba, wakanyamaza. Mtu wa namna ile hakupaswa kuaminiwa kugawa hata papai.

Mgawaji huyo ni mimi. Niko tayari kuja kutoa ushahidi dhidi yangu siku yoyote Baraza litakayopanga, isipokuwa Jumapili. Vestina alidhulumiwa. Na kwa kuwa alidhulumiwa, naomba haki yake aliyoikosa miaka yote arudishiwe mara moja: achukue bondeni, alikostahili kupewa tangu mwanzo, na mimi nibebe mzigo wa Kule pamoja na fremu zake.

Sidai fidia ya miaka niliyokaa kwenye udongo mweusi. Hiyo naisamehe kwa moyo mmoja.

Nawasalimu wajumbe wote wa Baraza, karani wenu, mlinzi wa ofisi, na yule mama anayewapikia chai. Wapimaji wa barabara, popote walipo, nao nawasalimu, lakini kwa mbali. Imakulata anawasalimu pia, na amesema niandike kwamba yeye hayumo katika jambo hili.

Ni mimi, ninayengoja ardhi irudi mahali pake,

Thadei Salvator
Mkubwa wa ukoo

N.B. Naomba radhi kwamba mwandiko huu si wangu. Majuzi nilivunjika mkono wa kulia nikijaribu kung'oa bikoni, ambayo kumbe wameijengea kwa zege. Imakulata amekataa kuniandikia. Karibu na hapa mtu mwenye mwandiko mzuri na meza ni Vestina, basi nimekuja kwake. Nilimweleza wazi kwamba ni malalamiko dhidi yake. Alifuta meza, akavaa miwani, akasema, "Sema polepole, shemeji, nisije nikakosea." Ameandika kila neno nililosema. Pale nilipotaja tabia yake alinisahihisha ngeli moja tu.

Tulipofika hoja ya sita aliweka kalamu chini. Aliomba nirudie pale niliposema kwamba alidhulumiwa. Nikarudia. Akaomba tena. Nikamwambia, "Lakini umeshaandika." Akasema anajua ameandika, anataka kusikia. Basi nikasema kwa mara nyingine, na safari hii sauti haikutoka vizuri, nadhani kwa ajili ya hizi dawa za mkono. Alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Miaka yote hii sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika Ladislas, kwa sababu siku ile alikuwa ameshika watoto.

Kisha akaniuliza, "Sasa unataka kipande kipi, shemeji? Sema, tuandikishane hata leo."

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nimekuja na jibu tangu nyumbani, na jibu lilinitoroka. Nilitazama nje nikaona fremu, mizinga na bati la Manyanda, nikajaribu kusema "hiki," mdomo ukakataa. Nimemwambia abaki na chake. Mimi nitaotesha miti kwenye zile mita sitini, kama mpango wa kijiji unavyotaka, na yeye amesema atanipa mizinga ya kuanzia.

Kwa hiyo naomba barua hii isifunguliwe jalada, na mto uachwe ulipo. Mimi nilitaka tuichane, ila shemeji amekataa. Anaomba mkishaisoma mumrudishie yeye, hasa ule ukurasa wenye hoja ya sita.