Bi Tatu na Domo la Juu ya Jiko

Tegeni masikio, enyi watu wa Msimbazi na Gerezani, nanyi mliovuka Magogoni kuja kununua vyombo! Teremsheni mizigo, zimeni redio, mwenye mtoto mlizi amnyonyeshe, maana habari hii ni nzito wala hairudiwi kwa aliyesinzia. Ni habari ya Bi Tatu binti Fikirini, Simba Jike wa Msimbazi, Mpasua Nazi kwa Pigo Moja, ambaye wafalme hawakumjua kwa kuwa hawakuwahi kualikwa kwake chakula cha mchana. Ni habari ya Domo, zimwi la bati lililoning'inia juu ya jiko la gesi nyumbani kwa mwanawe Ismail, ambalo kazi yake ni kufyonza moshi na harufu. Na ni habari ya papa mkavu, aliyelala ndani ya ndoo akingoja hukumu.

Hapo zamani, yaani mwaka juzi, Bi Tatu alikuwa na jiko lake la mkaa pale kibarazani, akipuliza na kupepea kama alivyofanya mama yake na mama wa mama yake. Najma, mke wa Ismail, mwanamke mzuri wa sura na mkali wa pua, akaapa kwa sauti ya kusikika mpaka chini barabarani: "Mama, kwa heshima zote, mkaa basi. Hata jina lake lisitajwe humu. Siku mkaa ukiingia nyumba hii, natoka mimi!" Jiko likapelekwa uhamishoni chini ya ngazi, likajazwa udongo, likaoteshwa maua. Ndiyo dunia.

Bi Tatu akavumilia, kwa kuwa Domo lilimtetea. Papa alichemka, Domo likameza, majirani wakaishi. Lakini mwezi huu Domo lilizidiwa. Likawa linanguruma tu, mfano wa mume mvivu aliyeambiwa akatupe taka, wala halifyonzi kitu. Harufu ya papa ikapanda ngazi bila kubisha hodi, ikaingia kwa Mama Allen wa ghorofa ya juu, ikakaa kwenye mapazia na kwenye sare za shule. Mama Allen akatuma maneno. Hayakuwa salamu.

Ndipo Najma aliposimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi kama fimbo ya enzi, akanena:

"Mama, fundi amesema zilizokufa ni filta. Inatakiwa filta ya mafuta. Bila filta mpya papa hapikwi humu, na leo zisipopatikana, namtupa."

"Umtupe papa?"

"Nimtupe."

"Papa wa Mafia, aliyekaushwa kwa jua la haki?"

"Huyo huyo, mama. Na ndoo yake."

Bi Tatu akajifunga kibwebwe. "Basi sikiliza, mke wa mwanangu. Kabla ya adhana ya alasiri nitakuwa nimerudi na filta, na papa atapikwa kwa nazi, na nazi utakuna wewe na kucha zako hizo za rangi."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa, nitakula tambi zenu za sosi mpaka nife, wala sitanuna."

Ismail, aliyekuwa akinywa chai, aliinamia kikombe kama mtu aombaye dua. Kusikia mamaye akiahidi kutonuna, alijua hii sasa ni vita.

Shujaa akajivika silaha: baibui, kandambili, miwani iliyofungwa uzi mguu mmoja. Akapanda kigoda, akalifungua Domo, akaung'oa ule wavu ulioganda mafuta, akausunda kikapuni ndani ya kanga yake ya zamani iliyoandikwa MKWE MWEMA HANUSI NUSI. Kisha akaingiza mkono kooni mwa zimwi, pale penye kidude cha mviringo, akapima kwa kiganja: shubiri moja kamili. Akashuka, akaenda zake Gerezani, kwa maana nani asiyejua kwamba filta zote za Bongo makao yake ni Gerezani?

Huko alimkuta Beno, Jemadari wa Plagi na Breki, ameketi kati ya vyuma vyake kama sultani aliyemwagiwa grisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nataka filta ya mafuta."

"Zimejaa. Dizeli au petroli?"

Bi Tatu akasita. Katika umri wake wote jikoni hakuwahi kuulizwa swali la kijeuri kama hilo.

"Alizeti," akajibu.

Beno akaweka spana chini. "Mama, gari inatembea kwa alizeti?"

"Haitembei. Imening'inia."

"Pole sana! Ajali?"

"Ajali ya nini? Imening'inia tangu siku iliyonunuliwa. Inanguruma papo hapo hewani."

"Jamani njooni huku!" Beno akawaita wenzake. "Kuna mama ana helikopta!"

Loo, vicheko vilivyopasuka siku ile! Mafundi walitoka chini ya magari kama kaa watokavyo mashimoni. Lakini Simba Jike hakurudi nyuma hata unyayo mmoja. "Ingekuwa helikopta, mwanangu," akanena, "ningeshaitua kichwani kwako." Akaifungua ile kanga, akamsogezea wavu puani. Beno akavuta pumzi, machozi yakamlenga.

"Mama, hii si ya gari. Hii ni papa."

"Hapo umesema. Sasa nielekeze, acha meno nje."

Wakamwelekeza Kariakoo, kwenye maduka ya majiko. Akaivuka barabara ya mabasi ya mwendokasi, akajitosa katika ile bahari ya watu, mikokoteni ikimpigia miluzi, wamachinga wakimshambulia kila upande: "Mama, chujio? Hili la chai! Hili la nazi! Hili la unga, pima mwenyewe!" Akawakata kwa viwiko na kwa salamu, mpaka akaibukia katika duka la Ritha, binti mwenye majiko yanayong'aa hata ukijiangalia unaogopa mikunjo yako.

Ritha akaweka mezani filta mbili. Ya kwanza wavu mpya, unang'aa kama sinia la harusi. Ya pili nyeusi, mviringo, imenuna. Moyo wa Bi Tatu ukaenda kwenye sinia. Mkono ulikuwa tayari njiani.

"Bibi, subiri," Ritha akasema. "Mashine yako ina bomba la kupeleka moshi nje?"

"Bomba halina. Moshi unaingia mdomoni, unazunguka, unarudi mle mle ndani kama mume aliyesusa."

"Basi hiyo ya waya usinunue. Ya kwako loweka maji ya moto na sabuni, isugue, bado nzima. Inayokamata harufu ni hii nyeusi. Ndiyo iliyochoka."

"Na hiyo kisura mbaya inaitwaje?"

"Filta ya mkaa."

Bi Tatu akasogeza sikio. "Sema tena, mjukuu wangu."

"Ya mkaa, bibi. Ndani yake mna mkaa."

Bi Tatu akaketi juu ya boksi la friji, akacheka mpaka miwani ikakata uzi. Alipopata pumzi, Ritha akamletea nyeusi za kila ukubwa. Akazipima moja moja kwa kiganja kile kile kilichoingia kooni mwa Domo. Kubwa akaikataa, ndogo akaikataa, na iliyokuwa shubiri moja kamili akaikumbatia.

Alasiri haijaadhiniwa, akaingia nyumbani. "Umepata?" Najma akauliza.

"Nimepata. Ila siwezi kuitia. Itanibidi nikupoteze, nami sitaki mwanangu awe mseja." Akaiweka mezani. "Mpigie fundi wako, muulize hii ni ya nini."

Najma akapiga. Sauti ya fundi ikajaa jikoni: "Si nilikuambia, dada? Ya mafuta na ile nyingine. Ya mkaa! Nilipoanza tu kusema 'mka', ukanikata, ukasema neno hilo nyumbani kwako ni marufuku."

Uso wa Najma ukapita rangi zote za kucha zake, kisha cheko likamshinda.

"Haya, mama. Uingie."

"Nini kiingie? Sikio langu hili zito."

"Mkaa uingie, mama! Mkaa!"

Akapanda kigoda mwenyewe, akaitia. Wavu ukaoshwa ukarudi mahali pake. Domo likawashwa, likavuta pumzi ndefu kama aliyeibuka majini. Najma akakalia mbuzi, akakuna nazi. Papa akachemka.

Mara hodi! Mama Allen. Ismail akashika kichwa.

"Bi Tatu mzima?" Mama Allen akauliza kwa sauti ya chini, kanga begani.

"Mzima mie. Kulikoni?"

"Nilisikia nazi inakunwa, harufu ya papa siisikii. Nikasema basi, bibi wa watu katutoka, hiyo nazi ni ya msibani. Nimekuja kuwapa pole."

Wakampa bakuli limejaa, akapanda nalo kwake akilia kwa kucheka.

Na ijulikane kwa vizazi vyote, kuanzia hapa hadi mwisho wa reli: siku ile mkaa ulirudi Msimbazi kutoka uhamishoni, ukaketi juu kuliko ulipotolewa, na aliyeufungulia mlango ni yule yule aliyeufunga. Hata lile jiko la chini ya ngazi, habari ilipolifikia, maua yake yalitikisika. Wengine wanasema ni upepo. Waache waseme.