Kobalti Chini ya Sebule

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza! Nimevunja sakafu ya sebule na kushuka mita mbili. Kobalti! Jiwe jeusi, zito, la kuwakunjisha ngumi Wachina na Wamarekani. Magari yao ya betri hayaendi bila sebule yangu. Mke wangu Nseya kasema nyumba hii ndiyo aliyoachiwa na baba yake. Nikigusa ukuta mmoja, nitamtambua. Nimefunika shimo kwa kochi.

Jumatano, 5 Machi
Kaja Bwana Lin, mnunuzi wa Kichina, na kimashine chake cha kupimia mawe. Kimashine hicho hakijawahi kumsifu mtu hapa Kolwezi. Kasema jiwe langu dhaifu. Dhaifu! Nikamfukuza. Baadaye kaja Bwana Doyle, Mmarekani. Huyo kaniita mshirika. Nikamnong'oneza kwamba Mchina alilia machozi akilitaka. Kisha nikamfuata Lin sokoni, nikamwambia Mmarekani kaniita mshirika. Wote wawili wanarudi Jumamosi. Vita vya panzi, furaha kwa kunguru. Kunguru ni mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Jirani yangu Kyungu, shemasi mzima, naye anachimba! Chumbani! Anaufuata mshipa wangu wa kobalti. Nikamwahi kwa kupita chini ya ukuta. Mara tumekutana huko huko chini, uso kwa uso. Eti, "Papa Kapend, unatafuta nini chini ya kitanda changu?" Nikamjibu mpaka wa kiwanja uko juu, huku chini mwenye mali ni mwenye sururu. Mvua inanyesha.

Jumamosi, 8 Machi
Nyumba imeanguka. Tulikuwa uani tukila bukari, tumepona wote. Nseya amelia mpaka sauti imemkauka. Nimeona aibu, sifichi. Lin na Doyle wamefika kwa pamoja. Hawakuuliza nani kaumia. Wameuliza kama mawe yalishatolewa! Nikapanda juu ya kifusi, nikawaambia hapa hawapati hata kokoto, watoke! Kyungu kanipigia makofi. Kyungu!

Jumatatu, 10 Machi
Tumehamia kwa shemeji Banza, kaka yake Nseya. Mtu mkarimu. Kaniapisha sitashika tena sururu, Nseya akishuhudia. Nimeapa kwa moyo mweupe. Kosa langu nimelijua: kuta za ile nyumba zilikuwa nyembamba. Za Banza ni nene, nimezipima. Na sakafu ya jikoni nikiigonga kwa kisigino, inaitika. Kuanzia, kijiko kinatosha.