Naomba Nirudishiwe Mate Yangu

Kwa Mheshimiwa Mganga Mkuu,
pamoja na uongozi wote wa hospitali ulioamka leo na kumeza mate bila hata kufikiria,

YAH: KUPOTEA KWA MATE YANGU MIKONONI MWA KITENGO CHENU CHA USINGIZI

Nakuandikia nikiwa na akili timamu na ulimi mkavu. Mimi ni dalali wa mnada. Wateja wangu huniita Radi, kwa sababu ya sauti. Kazi yangu ni kusimama juu ya kreti katika ua wa mnada na kuwauzia watu makabati, friji zilizotumika na viti vya ofisi ambavyo wenyewe wameshindwa kuvikalia. Nyundo ninayo, lakini nyundo anaweza kuishika yeyote. Chombo changu cha kazi ni mdomo, na mdomo huo ndio wataalamu wenu wameuharibu huku wakinitabasamia.

Kwanza nieleze nilivyofika kwenu, isije ikasemwa nilijileta. Nililetwa. Mama watoto alikuwa amehama chumba chetu, akaenda kulala kwa binti yetu, akidai kwamba nakoroma, halafu nanyamaza, na kwamba huko kunyamaza ndiko kunakomtisha. Nilimwambia mtu hawezi kulalamikia kelele na ukimya kwa pamoja, achague kimoja. Hakuchagua. Kisha siku moja mnadani, nikiwa nimeinua nyundo juu ya kabati la milango mitatu, usingizi ukanichukua nimesimama vilevile. Wateja walidhani ni mbinu. Kila mmoja, akiogopa kwamba nimeshauona mkono wa mwenzake, akaongeza bei, na mwenzake naye akaongeza, mpaka kabati likauzwa kama vile lilikuwa na nyumba ndani yake. Mimi nilipozinduka niliona imekuwa siku njema kazini. Karani wangu, ambaye hana jicho la biashara, akampigia simu mke wangu.

Mkanilaza kwenu, mkanibandika nyaya kichwani na kifuani. Asubuhi daktari wenu wa usingizi, kijana mwenye miwani na subira ya kuudhi, akaniambia, "Mzee, ukilala koo linajifunga, pumzi inakatika, ubongo unakushtua, unavuta hewa, halafu inaanza upya. Ndivyo ulivyokesha." Nilimuuliza kama ana shahidi. Akanionyesha karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka. Hata mjukuu wangu huchora hivyo, wala hatuiti uchunguzi. Hata hivyo, kwa kuwa mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, nilipokea mashine yenu: kikasha kinachopuliza hewa, bomba refu, na barakoa ya kuvaa puani ili koo lisijifunge.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Mate. Kijikaratasi chenu kinasema, nanukuu, "ukavu kidogo wa mdomo unaweza kujitokeza." Ningependa kumfahamu aliyeandika neno "kidogo". Ningependa aamke siku moja ulimi wake umegandamana na kaakaa, midomo imekaza kama ngozi ya ngoma, ndipo atafute neno jingine. Siku ya kwanza ya kuitumia mashine hiyo nilipanda kwenye kreti, nikafungua mdomo kutangaza meza ya kulia chakula, ukatoka mlio kama wa bawaba ya geti lisilotiwa mafuta. Mteja wa nyuma akapaza sauti, "Ongeza sauti, Radi!" Mheshimiwa, mimi, niliyewahi kuombwa na msikiti na kanisa kwa pamoja nipunguze sauti, kuambiwa niongeze! Watu walicheka. Meza ilichukuliwa na mtu ambaye hata hakuitaka, kwa sababu alikuwa anapiga chafya.

2. Muuguzi wa kitengo. Nilimpigia simu kwa adabu zote. Badala ya pole, akaniuliza, "Baba, huwa unalala mdomo wazi?" Hilo ni swali gani la kumuuliza mtu mzima? Nikilala mimi sipo. Yanayofanywa na mdomo wangu nikiwa sipo, nitayajuaje? Akaendelea bila aibu: ati hewa inaingia puani, inakuta mdomo uko wazi, inatokea hapo, na ikipita inakausha kila kitu, kama mtu anayeanika nguo. Akaniuliza kama pua yangu imeziba. Akataka niisafishe kwa maji ya chumvi. Akasema kama nitashindwa kabisa kuufunga mdomo, ipo barakoa kubwa inayofunika pua na mdomo pamoja. Kwa ufupi, Mheshimiwa, nilipeleka lalamiko kuhusu mashine, nikarudishiwa lalamiko kuhusu uso wangu.

3. Kitangi cha maji. Imebainika kuwa ndani ya mashine mna kitangi ambacho natakiwa kukijaza kila ninapokwenda kulala, tena kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, ili hewa iwe na unyevu. Mimi ni baba wa familia. Katika nyumba yangu, nikitaka maji naletewa. Sasa nimefanywa mhudumu wa kikasha. Mwanzoni niligoma, nikakiacha kikavu, kikanikausha zaidi. Basi nikasema kama ni maji, kitayapata. Nikakijaza mpaka pomoni, kitufe cha unyevu nikakisukuma hadi mwisho. Matokeo yake maji yalijikusanya ndani ya bomba, yakasafiri taratibu, yakaniingia puani nikiwa katikati ya ndoto ya heshima kabisa. Niliruka kitandani nikipiga kelele, "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Mke wangu hakunipa pole. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Muuguzi naye, nilipomweleza, aliisogeza simu mbali na mdomo, lakini kicheko chake kilinifikia. Kisha akaniambia nipunguze kitufe na nifunike bomba kwa kitambaa lisipate baridi. Nimefanya hivyo. Kwa hiyo leo hii ninalivalisha nguo bomba.

4. Mkanda wa kidevu. Hapa, Mheshimiwa, naomba ukae chini. Muuguzi wenu alinipa mkanda wa kupita chini ya kidevu na kufungwa utosini, ili mdomo ukae mahali pake. Nilikubali kuujaribu kwa nia njema. Alfajiri hiyo mama mkwe alifika bila taarifa, kama kawaida yake. Mke wangu alikuwa bafuni. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mama wa watu alichungulia, akaniona nimelala chali, mikono kifuani, taya limefungwa kwa kitambaa cheupe mpaka utosini. Barakoa nilikuwa nimeshaivua, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kumwambia kwamba bado natumia hewa.

Kilio alichokitoa kilipita sauti yangu ya zamani. Majirani wakaja. Fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye hatujasalimiana tangu tulipogombana juu ya mfereji, alikuwa wa kwanza kuingia, na kwa masikio yangu nilimsikia akisema, "Alikuwa mtu mwema sana." Nilitaka kuuliza tangu lini, lakini taya lilikuwa limefungwa. Ikabidi ninyanyuke. Fundi alitoka kwa dirisha. Mama mkwe alianguka, akazinduliwa, akaniangalia, akaanguka tena. Mheshimiwa, kuna mtu aliyekuwa ameshaleta viti. Vilibaki uani mpaka jioni, na kila aliyepita aliuliza msiba ni wa nani. Nilikuwa najibu mwenyewe.

5. Macho. Hili sikutegemea kulilalamikia, lakini mmenifikisha hapa. Tangu nilipoanza kulala na mashine yenu, sisinzii tena mchana. Mlichukulia kwamba nitafurahi. Hamkuniuliza usingizi ule wa mchana ulikuwa unanifaa nini. Zamani shemeji zangu wakiitisha kikao cha familia, nilikuwa nafumba macho kwenye salamu na kuyafumbua kwenye chai. Watu walisema natafakari. Sasa nasikia kila neno. Nimesikia shemeji mkubwa akieleza mgogoro wa kiwanja kuanzia babu yake wa upande wa mama. Nimesikia mipango ya harusi ya mtu nisiyemjua. Wiki iliyopita waliniuliza maoni yangu, na, Mungu anisamehe, nilikuwa nayo! Wamenichagua mwenyekiti.

Aidha, mke wangu amerejea chumbani na mto wake, blanketi lake na maoni yake yote. Analala fofofo. Anasema kuna kinachovuma polepole kama mvua ya mbali, kinampumzisha. Mimi ndiye ninayeamka nimekauka, nikinywa maji kwa mafunda kutoka kwenye glasi ninayoiweka kando ya kitanda kwa ushauri, bila shaka, wa muuguzi. Yeye anaamka anaimba. Nauliza, Mheshimiwa: mgonjwa ni nani katika nyumba hii, na aliyetibiwa ni nani?

Kwa kuzingatia hayo, natoa madai yafuatayo, ambayo nadhani ni ya kiungwana.

(a) Hospitali inirudishie mate yangu yote, kwa ujazo na ubora yaliyokuwa nao kabla ya kufika kwenu.

(b) Ikishindikana, iniajirie mtumishi mwenye cheti, akae kando ya kitanda changu na kuufunga mdomo wangu kila unapofunguka. Mama mkwe amejitolea, lakini namkataa kwa sababu za kiusalama.

(c) Ikishindikana na hilo, mtume gari lije kuichukua mashine, bomba, barakoa, mkanda na kijikaratasi chenye neno "kidogo", na mnirejeshee mkoromo wangu, usingizi wangu wa mchana na uvivu wangu wa vikaoni. Nilikuwa mtu mwenye furaha. Waliokuwa na shida ni wengine.

Nisalimie daktari wa miwani, mwambie karatasi yake bado sijaikubali. Nisalimie muuguzi, ambaye namtambua kwa kicheko. Wasalimie walinzi wa getini na wale mama wa usafi walionipisha na bomba langu bila kuuliza maswali. Wagonjwa wote walio wodini, nawaombea mate tele.

Wako katika ukavu,

Radi
Dalali wa Mnada, na Mwenyekiti wa Familia bila kupenda

NB: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Kaka yangu mkubwa amekuja kututembelea leo mchana. Ameshiba, akajinyoosha kwenye kochi, akaanza kukoroma. Nikawa namcheka. Halafu akanyamaza. Kifua kinahangaika, hewa haiingii. Nikasubiri. Sikujua kama nimguse au niite watu. Mheshimiwa, mimi nimezoea kuwasubirisha watu kwa nyundo hewani, lakini sijawahi kusubiri kitu namna ile. Kisha akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, akaendelea kulala kama hakuna kilichotokea. Ikatokea tena. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema tu, "Ndivyo ulivyokuwa."

Gari msilitume. Kesho asubuhi namleta kaka kwenu, hata kama itabidi nimbebe mgongoni, na namwomba muuguzi amtengee nafasi. Yeye anasitasita kidogo, ati amesikia mashine hizo zinakausha mdomo. Nimemwambia unatia maji, unafunga mkanda, yanaisha, na asiwasikilize watu wanaopenda kulalamika.