Seli za Kidole Changu Zinachelewesha Harusi

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Pole kwa kazi. Mimi ni fundi cherehani, na sindano ya mashine imenitoboa kidole cha shahada mpaka upande wa pili. Gauni la harusi la mpwa wangu linatakiwa Jumamosi, na mama yake, ambaye ni dada yangu, hana tena maneno matamu kwangu. Makala yako kuhusu kupona kwa majeraha imenifumbua macho: kumbe wanaonichelewesha ni seli zangu mwenyewe. Kwa heshima zote nalalamika:

1. Umeandika kwamba seli haigawanyiki kuziba jeraha mpaka inakili DNA yake yote, yaani maelekezo ya mwili mzima. Mimi nahitaji ngozi ya ncha ya kidole, zenyewe zinanakili mpaka habari za nyusi na kisigino. Mteja akileta suruali ibadilishwe zipu, simshonei suti.

2. Seli haianzi kunakili bila ishara, na kibali chake ni cha kunakili mara moja tu; ikitaka tena, isubiri igawanyike kwanza. Ofisi za namna hii nazijua, ila sikutegemea kuwa na moja chini ya ukucha.

3. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Zinaachanishwa, kila uzi unatengenezewa mwenzake. Hapo sina neno, huo ni ufundi. Lakini kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kunakili, kikikosea herufi moja, kinasimama, kinaifumua, kinaiandika upya. Herufi moja kati ya mabilioni, nani ataiona?

4. Halafu kuna wakaguzi. Wakikuta hitilafu, kazi yote inasimama. Muuguzi anayenifunga bandeji aliniambia seli isiyosikia breki ndiyo huleta uvimbe mbaya, na kwamba haraka haraka haina baraka. Nilimjibu kuwa methali hiyo ilitungwa na mtu asiye na harusi Jumamosi.

Kwa hiyo naomba uzitangazie seli zangu: wakaguzi waende likizo, vibali vifutwe, na hata kidole kikipona zisiache kunakili, maana akiba haiozi. Ziige karakana yangu. Nilimkabidhi shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mkasi, nikamkataza kupimapima, na jana mikono ya gauni ilikwisha kabla ya mchana. Imebaki kutarizi kifua, kazi ya kidole changu.

Wasalimie wote hapo ofisini, na nyumbani kwako hata kama hatujuani.

Wako mwenye maumivu,
Fundi wa Magauni

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, bi harusi amekuja kulijaribu. Amejitazama kwenye kioo, kisha akaniambia taratibu, "Mjomba, huu mkono wa kulia unaangalia nyuma." Shemeji amekata mikono miwili, yote ya kushoto. Alisahau kuigeuza karatasi ya kipimo alipokata mkono wa pili, na hakuna aliyekagua, kwa amri yangu. Binti amelia, nami nimeona aibu kweli. Kitambaa kilichobaki kinatosha mkono mmoja, na safari hii tunapima tukiwa watu watatu. Tafadhali usiichapishe barua hii. Na kama seli zimeshaisoma, ziambie zichukue muda wao. Sitaki kwenda harusini na kidole cha kushoto kwenye mkono wa kulia.