Malalamiko Kuhusu Kilo Nne za Mzigo na Malazi ya Hija ya Kisegi

Werema Wangwe,
Duka la Magodoro,
Uriri.
Jumapili ya nne ya Kwaresima.

Kwa Bi. Celestine Makori,
Mwenyekiti, Kamati ya Malazi na Mizigo,
Hija ya Miguu, Uriri hadi Kisegi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, na dada yetu Celestine,

KUH: KUPINGA KILO NNE

Pokea salamu zangu na za mke wangu Susana, ingawa yeye amesema za kwake atakuletea mwenyewe na nisimwandikie.

Karatasi ya maagizo ya hija ilisomwa kanisani Jumapili iliyopita. Nilichukua nakala yangu, nikaisoma nyumbani mara nne, mara ya tatu kwa sauti. Nimeelewa kwamba tutaondoka Jumatatu ya Juma Kuu, tutembee siku nne, kilomita themanini, hadi kwenye kilima cha sala kilicho juu ya Kisegi. Nimeelewa pia kwamba kila hujaji atabeba mzigo usiozidi kilo nne, na kwamba, kwa maneno ya karatasi yenyewe, "godoro halihitajiki."

Mheshimiwa, mimi ni mwuza magodoro. Nimeyauza hapa Uriri kwa miaka kumi na minane, na waliooana katika parokia hii karibu wote wameanza maisha juu ya bidhaa yangu, wewe ukiwemo. Lakini siandiki kwa ajili ya biashara. Ninaandika kwa ajili ya haki, na kwa ajili ya mgongo.

Ni vizuri ujue jambo lenyewe lilianzia wapi. Mwaka jana, mwezi wa sita, nililazwa siku kumi na moja kwa nimonia. Susana alilala sakafuni kando ya kitanda changu, juu ya leso yake ya kujifunga, siku zote hizo. Siku ya saba daktari alimwita nje. Walichoongea hajaniambia hadi leo. Aliporudi aliniambia tu kwamba ameweka nadhiri: nikitoka mle ndani nikitembea, atakwenda Kisegi kwa miguu kushukuru. Nilitoka nikitembea. Kwa hiyo hija hii ni yangu, ila inatembewa na miguu ya mtu mwingine, nami nimejiandikisha kumsindikiza. Siwezi kukubali ilalwe ovyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kilo nne. Tulipima vitu vyangu kwenye mizani ya Osman, jirani yangu mwenye duka la misumari na kamba. Buti zangu za mvua peke yake ni kilo mbili na robo. Biblia yangu ya maandishi makubwa ni kilo moja na nusu. Zilibaki gramu mia mbili na hamsini, na katika hizo natakiwa nitie chandarua, blanketi, dawa ya kifua, thamosi, kigoda, pasi ya makaa na makaa yake. Susana alisema pasi si ya lazima. Nilimuuliza kama mtu anaweza kufika mbele za Mungu akiwa na mikunjo. Alinitazama usoni, akaishusha pasi kwenye mizani.

2. Majaribio. Karatasi inaagiza kila hujaji ajaribu mwendo wa nusu siku akiwa na mzigo wake. Mimi ni mtu wa kutii. Jumatano asubuhi nilikunja godoro la futi tatu kwa sita, unene wa inchi nne, la kiasi kabisa, nikalifunga kwa kamba ya manila ya Osman, nikaning'iniza vile vitu vingine pembeni, nikajitwika mgongoni. Osman alinizunguka mara mbili, akashauri nisigeuke ghafla. Tukashika barabara ya kwenda Ndhiwa, Susana mbele na leso yake, mimi nyuma nikilia kama kengele kwa sababu ya sufuria, ambayo nilisahau kuitaja hapo juu.

Kilomita kumi na tisa za kwanza nilizitembea kwa heshima. Kisha masika ikatukuta. Sasa, katika miaka kumi na minane nimewaambia wateja mambo mengi mazuri kuhusu sponji, na yote ni kweli, lakini hakuna mteja aliyewahi kuniuliza sponji inakunywa maji kiasi gani. Inakunywa kama ng'ombe aliyetoka kwenye chumvi. Nilihisi uzito unaanza mabegani, ukashuka kiunoni, halafu magoti yangu yakaniomba tuketi. Tuliketi katikati ya barabara, mimi na godoro, nami sikuweza kuinuka.

Watu walisimama. Walipoona mwanamume mtu mzima ameketi kwenye mvua na godoro, sufuria, kigoda na pasi, wakaanza kunipa pole kwa sauti za chini. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la omena, dagaa wa ziwani, alimvuta Susana kando, akamwambia kwa Dholuo, nami nikasikia kila neno, kwamba hata mume awe amekosa namna gani, hafukuzwi wakati wa mvua. Mtu husubiri kiangazi.

"Hajafukuzwa, mama," Susana alimjibu. "Anaenda kusali."

Yule mama alinitazama tena, akatikisa kichwa, akamwambia Susana kwamba hilo ni baya zaidi. Kisha akamfungia omena kidogo kwenye gazeti, za kumtia nguvu. Mimi sikupewa.

Wanaume watatu walijaribu kuliinua godoro wakashindwa. Mwenye bodaboda alikataa kulibeba, akisema likiwa kavu ni mzigo, lakini likiwa limelowa ni abiria wawili, na sheria inamruhusu mmoja. Ndipo mwalimu mmoja anayekaa hapo kando ya barabara, Cliff, alipotoka na mwavuli, akasema tulikokote hadi kwenye ua wake tulianike litakapotoka jua.

3. Kuku. Jua lilitoka Alhamisi. Ijumaa nilimtuma mtu aniletee godoro langu, akarudi mikono mitupu. Cliff anasema kuku wake aliyekuwa akitafuta pa kuatamia ameingia katikati ya mkunjo, wakamhamishia hapo mayai yake tisa, na sasa anaatamia. Anasema yeye kama mwalimu wa sayansi hawezi kumwondoa kuku anayeatamia, na kwamba siku ni ishirini na moja. Sasa nimeangalia karatasi yako, mheshimiwa, na nyumba ya Cliff ndiyo malazi yetu ya usiku wa kwanza. Kuku analala juu ya inchi nne za sponji, na mimi mwenye sponji nimepangiwa mkeka katika nyumba hiyohiyo. Naomba Kamati itamke wazi ni nani kati yetu aliyejiandikisha.

4. Kutenganishwa. Karatasi inasema wanaume watalala upande wao na wanawake upande wao. Nina miaka thelathini na mmoja kwenye ndoa na sijui kulala bila Susana. Silisemi hili kwa njia mbaya. Nikikohoa yeye hunigeuza ubavu bila kuamka. Hospitalini, usiku ambao muuguzi alimtaka aondoke, alikwenda hadi mlangoni, nikakohoa, akarudi, na muuguzi akaacha kusema. Nimeuliza katika orodha ya wanaume wa hija ni nani anayeweza kunigeuza. Mzee Mirumbe alisema yupo tayari kujaribu. Sikufarijika.

5. Pendekezo. Mtu halalamiki tu bila kuleta dawa. Napendekeza mahujaji wote walale nyumbani kwao Uriri kila siku. Nimepiga hesabu. Siku ya kwanza tunakwenda kilomita ishirini na kurudi ishirini. Siku ya pili arobaini kwenda, arobaini kurudi. Siku ya tatu sitini na sitini. Siku ya nne tunafika Kisegi, tunasali kwa ufupi, na kurudi, jumla kilomita mia na sitini kwa siku hiyo, jambo linalowezekana tukianza mapema na watu wasisimame kununua miwa. Kwa mpango huu hakuna atakayehitaji mzigo wowote, malazi hayatagharimu Kamati kitu, na neema itaongezeka mara tano, kwa kuwa kilomita zote zitakuwa mia nne. Susana aliuliza ni nani atakayekuwa hai. Nilimjibu kwamba watakaobaki watakuwa wamelala vizuri.

6. Kama pendekezo la tano ni zito, liko la sita, na hili ndilo naomba lipelekwe kwa Padri. Nyuma ya duka langu kipo kichuguu. Ni kirefu kuliko mimi, kimetulia, na mchwa walihama zamani. Naomba kiteuliwe kuwa Naibu wa Kilima kwa kipindi hiki cha masika. Nimekizunguka kwa futi ya kupimia: mzunguko mmoja ni mita ishirini. Hujaji akikizunguka mara elfu nne atakuwa ametembea kilomita themanini kamili, sawa na Kisegi, bila kuvuka mto wala kupewa pole na mtu. Susana atazunguka, mimi nitakuwa nikihesabu. Kwa malazi, ninayo magodoro thelathini na sita dukani, na ninawaruhusu mahujaji wote wayatumie bure, mradi nailoni zisitolewe. Atakayechoka kwenye mzunguko wa elfu mbili atakuwa hatua sita tu kutoka kitandani. Nadhani hakuna hija duniani yenye huduma ya namna hii.

Najua utasema nadhiri ya Susana ilitaja Kisegi kwa jina. Nimelitafakari hilo. Lakini alikuwa amechoka siku ile, alikuwa amelala sakafuni siku saba, na mtu aliyechoka hutaja mahali pa mbali. Mungu anaelewa. Ninachoogopa mimi, kama nitasema ukweli wote, si mkeka. Ni kwamba ana miaka hamsini na minane, na alishanibeba mara moja, na nisingependa kumwona akichoka kwa ajili yangu mara ya pili nikiwa natazama.

Naomba jibu la Kamati kwa maandishi kabla ya Jumapili ya Matawi.

Wasalimie wote: Padri, wanakwaya, mzee Mirumbe na umwambie nashukuru kwa moyo wake, mama yako mzazi, na watoto wote mmoja mmoja. Ukimwona Cliff, umsalimie, na kuku pia.

Ni mimi, nikiwa bado nyumbani, na mwenye kuwaheshimu,
Werema Wangwe.

Tanbihi, Ijumaa. Dada Celestine, barua hii ilichelewa kwa sababu nilikuwa nikiinakili vizuri. Jumatatu asubuhi nilimsomea Susana sehemu ya sita. Alikuwa akimenya njugu. Aliweka beseni chini, akachukua leso, sabuni na rozari, akasema, "Natoka kidogo." Nilidhani amekwenda sokoni. Simu yake niliikuta jikoni inachaji. Jioni alinipigia kwa simu ya mtu, akasema giza limemkuta mahali, yuko kwa watu wema, atalala huko. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano vivyo hivyo. Sikuuliza ni wapi, kwa kuwa nilijua amekasirika na nilitaka kumpa nafasi.

Jana alipiga tena, safari hii kwa simu ya Shamima, mwanamke wa duka la vitambaa sokoni Kisegi. Amefika. Amepanda kilima, ameshukuru, ameshuka. Kila usiku amelala kwenye mikeka ya watu asiowajua, na anasema hakuna hata mmoja aliyemuuliza kilo. Nilimuuliza miguu ikoje. Alisema miguu haina neno.

"Siku ile daktari aliniambia nikuage," alisema. "Ndiyo maana sikuweza kungoja Kamati. Njoo basi, Werema. Huku kuna upepo mzuri."

Naondoa malalamiko yote, ya kwanza hadi ya sita. Nimekuja kukuambia mwenyewe nikakukosa, kwa hiyo naisukuma barua hii chini ya mlango. Usinijibu Uriri. Nilikuwa napita tu hapa kwako. Nyumba yako iko njia ya Kisegi, na sijabeba kitu.