Malalamiko ya Kabaila wa Ghorofa ya Nne

Berea, Johannesburg
13 Agosti 2012

Kwa Mwalimu Jumbe,
Darasa la historia la watu wazima, Marshalltown

Mwalimu mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na chaki zako. Mimi ni Gaston, fundi cherehani kutoka Bukavu, mume wa Clémentine, yule mama msusi anayeketi mstari wa mbele kila Jumamosi na kukuchosha kwa maswali. Fleti tunayokaa imeandikishwa kwa jina langu. Chumba cha pili nimempangisha Mama Spès, mlokole kutoka Burundi. Kwenye roshani, niliyoiziba kwa mbao, anakaa Bakiri, Mrundi pia, Mwislamu, anayeuza viatu barabarani.

Tuliishi vizuri mpaka ulipoanza kufundisha habari za Ulaya ya kale, mabwana wa ngome na vita vya msalaba. Clémentine hulibeba somo lote hadi nyumbani na kuligawa jikoni. Madhara yake ni haya.

1. Neno "kabaila". Kwenu Tanzania huenda hata watoto wanalijua. Sisi wa Bukavu hatulitumii. Mama Spès aliponiita hivyo nilidhani ni cheo, nikamshukuru. Wiki nzima nilijitambulisha kwa wateja kama Kabaila Gaston, mpaka Mtanzania mmoja aliyeleta suruali ipunguzwe akacheka hadi akakaa sakafuni, ndipo akanieleza kwamba kabaila ni bwana mwenye ardhi anayekula jasho la wakulima wake.

2. Utii umepungua. Hapa kwetu anayepika hunionjesha kidogo, ili nijue moshi unaojaza nyumba yangu ni wa kitu gani. Sasa nikisogea na sahani, Bakiri huniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo kodi ya kinu. Anasema mkulima wa Ulaya alilazimishwa kusaga kwenye kinu cha bwana wake na kumwachia sehemu ya unga. Mimi sina kinu, Mwalimu. Nina jiko la umeme lenye sehemu mbili za kupikia, na moja haiwaki.

3. Vita vya dini. Hapa ndipo uliponiumiza hasa. Kwaya ya Mama Spès huimba sebuleni na ngoma, jioni ileile Bakiri anapotandika mkeka wake aswali. Kila mmoja alikuwa akija kwangu kunong'ona. Nilimsikiliza kila mmoja, nikamwambia kwa siri kwamba mwenye shida ni yule mwingine, na kwamba kwa sasa sebule ibaki mikononi mwangu. Hiyo ndiyo amani tuliyokuwa nayo.

Kisha Clémentine, akimenya viazi, akasimulia jinsi watu wanyonge walivyoacha mashamba yao wakaenda kupigania Yerusalemu, na wengi hawakurudi, huku mabwana wengine wakibaki na mashamba. Mama Spès akamgeukia Bakiri: "Kumbe ni wewe uliyemwambia Gaston ngoma yetu ni ya mashetani?"

Bakiri akasema, "Mimi? Mimi niliambiwa wewe unasema mkeka wangu unanuka."

Wakanitazama wote wawili. Nikakumbuka kwamba nina kazi ya haraka.

Tangu hapo wamepatana bila mimi. Bakiri anaswali kwanza, kwaya inaanza baadaye. Mwezi huu wa Ramadhani Mama Spès anamwekea uji kando ya jiko, na akichelewa anaufunika kwa kitambaa. Hakuna anayeniletea kesi. Jioni nakaa kwenye kiti changu, nimevaa koti, nikingoja watu wakosane.

4. Ndoa yangu. Ulifundisha kwamba bwana alipokwenda vitani, mkewe ndiye aliyeendesha ngome, tena vizuri. Clémentine ameniuliza mara kadhaa nitaondoka lini.

Kwa hiyo naomba ubadilishe somo. Fundisha volkano, hata kwetu zipo na hazina siasa. Kama lazima uendelee na Ulaya, eleza basi ngome zilivyojengwa, unene wa kuta, halafu waache watu waende nyumbani.

Wasalimie jamaa wote wa Marshalltown, na wanafunzi wako, hata wale wanaocheka wakisikia jina langu.

Ni mimi, kwa masikitiko na adabu,
Gaston, fundi cherehani

N.B. Kabla sijafunga bahasha, msimamizi wa jengo amepanda na vijana wawili. Amesema wa kwenye roshani atoke leo, na cherehani yangu inamaliza umeme, wakaibeba. Mimi nilivua kofia nikasema, "Ndiyo, bosi." Bakiri alikwenda kukaa kwenye ngazi, katikati. Mama Spès akakaa karibu naye, kisha kwaya nzima iliyokuwa imekuja kuimba, na ngoma juu ya magoti. Hapakuwa na pa kupita. Clémentine akamwambia msimamizi kwamba bwana anayetaka utii naye ana wajibu wa kuwalinda watu wake, na maji hayajapanda ghorofa hii tangu Juni, sasa ulinzi wake uko wapi? Yule bwana akawaashiria vijana wake wageuze na mzigo wao. Cherehani imerudi mezani. Bakiri yupo kwenye roshani yake.

Mwalimu, volkano zisubiri. Jumamosi nakuja na Clémentine. Nakuomba tu barua hii usiisome darasani, kwa sababu nitakuwemo.